Tarehe 13 Februari: redio ya Taifa ishinde na ikeshe bila wimbo. Tuipange ratiba hapa

#1 KusiniUnguja

Assalaam alaykum wanajamvi,

Tarehe 13 Februari ni Siku ya Redio Duniani. UNESCO waliitangaza mwaka 2011, na tarehe yenyewe ilichukuliwa kwa sababu ndiyo siku ilipoanzishwa Redio ya Umoja wa Mataifa mwaka 1946. Siku kama hiyo kawaida ni kongamano, hotuba na fulana. Mimi nina ombi jengine. Nataka redio yetu ya Taifa hapa Zanzibar, siku hiyo moja, ianze alfajiri na imalize usiku wa manane kwa maneno peke yake. Wimbo usipigwe hata mmoja. Na ratiba tuiandike sisi wasikilizaji humu humu, kisha tuipeleke kwa barua kwa wahusika.

Kabla hamjanirukia: sina ugomvi na muziki, na taarabu nimekulia ndani yake. Lakini wimbo leo uko kwenye simu ya kila mtu, kwenye daladala, kwenye kibanda cha chipsi, harusini, mpaka kwenye boti. Kitu kisichopatikana popote, isipokuwa mtu atumwe na alipwe akitafute, ni kile kipindi cha nusu saa cha mtu aliyevuka mpaka Kisiwa Panza, akakaa na wavuvi, akawarikodi wanavyoeleza kwa nini wanaufunga mwamba miezi mitatu pweza akue, akikamatwa mtu anadokoa usiku wanamfanya nini, na siku ya kufungua watu wanavyojipanga na mikuki yao. Mtu wa Bububu akikisikia kipindi kama hicho ataijua habari ya Pemba ambayo akienda kutembea tu hakuna atakayemhadithia. Redio ya biashara haiwezi kumtuma mtu huko, kwa sababu hakuna muuza sabuni atakayelipia nauli. Redio ya Taifa inaweza, na ndiyo kazi yake.

Na sisi si wageni wa jambo hili. Sauti ya Unguja ilianza 1951. Baada ya Mapinduzi na Muungano ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na mwaka 2013 redio na televisheni zikaunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji, ZBC. Miaka yote hiyo watu wameiwasha kwanza kwa ajili ya maneno: habari, vifo, mwezi umeandama au haujaandama, boti inaondoka au imezuiwa.

Rasimu yangu ni hii, muirekebishe.

Alfajiri, baada ya Qur'ani na dua, iwe bahari. Sisemi ile sentensi moja ya mawingu kiasi na vipindi vya jua. Nasema dakika 10, isomwe mara mbili, polepole, kwa mpangilio ule ule: Mkondo wa Pemba, Nungwi na Tumbatu, Mkondo wa Unguja, Chumbe, Kizimkazi, Makunduchi, kisha upande wa mashariki kuanzia Jambiani mpaka Matemwe, halafu Pemba yote kuzunguka. Upepo unatoka wapi na una nguvu gani, mawimbi mita ngapi, maji yanapwa saa ngapi na yanajaa saa ngapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa taarifa za upepo na mawimbi. Kinachotakiwa ni msomaji mwenye sauti ya kueleweka, na nahodha mzee pembeni yake wa kuzitia kwenye lugha ya bahari. Februari ni kaskazi, basi aseme kaskazi imekaza na ngalawa zisitoke nje ya mwamba. Sisi ndio tuliozika watu wa Spice Islander Septemba 2011 na wa Skagit Julai 2012. Kipindi cha redio hakizuii ajali peke yake, lakini nchi ya visiwa kuianza siku bila kuizungumza bahari kwa kirefu mimi siielewi.

Saa 1 habari, saa nzima, na kila habari kubwa iwe na mtu wa kuieleza. Saa 4 kina mama. Mchana wakulima. Saa 8 hadithi isomwe na msomaji mmoja, sura nzima. Jioni watoto, kisha mjadala wa moja kwa moja, Unguja na Chake wakiwa hewani pamoja. Usiku mchezo wa redio, na mwisho ushairi.

Karibuni.

#2 Mtumbatu_Jongowe

Umenena mleta uzi. Hapo kwenye bahari kututaja Tumbatu kwa jina nimekupenda bure. Naweka kambi.

#3 Maalim_Mkwajuni

Waalaykum salaam. Hoja nzuri sana, ila angalia kalenda. Tarehe 13 Februari 2027 ni Jumamosi na itakuwa ndani ya Ramadhani, chungu cha tano au cha sita, yaani siku ya tano au ya sita ya mfungo. Ratiba yako imepangwa kwa siku ya kula.

Ramadhani siku yetu inageuka. Mchana mtu kachoka, redio imewashwa lakini sikio halipo. Kuanzia alasiri mpaka magharibi watu wako jikoni na sokoni, na hapo wanasikiliza kweli, kwa sababu mikono ina kazi na midomo imefungwa. Baada ya tarawehe ndiyo saa ya barazani, mpaka karibu na daku. Kwa hiyo mimi moyo wa siku ningeuhamishia usiku. Mjadala mkubwa uanze saa 4 usiku badala ya jioni. Hadithi isomwe saa 8 usiku, wakati mama anapasha daku na watoto wanaamshwa.

La pili, kwa vile ni Jumamosi, watoto wako nyumbani. Msiwape dakika 15 za kuwatuliza. Sisi walimu tumeshaona redio inafanya nini kwa mtoto. Kuanzia 2006 hapa Zanzibar kulikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa maandalizi na madarasa ya mwanzo. Redio ilikuwa inauliza, kisha inanyamaza. Ule unyamavu ulikuwa umepimwa: mtoto ajibu, aruke, ahesabu vidole, halafu sauti irudi kana kwamba imemsikia. Vijiji vyengine hapakuwa na skuli ya maandalizi, watoto walikaa chini ya mwembe na msaidizi mmoja na redio moja. Mwandishi wa vipindi vile alijua kwamba kazi kubwa ni kujua pa kunyamaza. Namtaka huyo siku ya tarehe 13.

#4 BintiJambiani

Kaka KusiniUnguja, kipindi cha kina mama saa 4 asubuhi umempangia mama gani? Maana mama wa mjini. Sisi huku mwani unatuendesha kwa maji, hautuendeshi kwa saa.

Bamvua maji yanapwa kabisa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kuanzia saa 2 tunashuka, saa 4 tuko katikati ya mashamba, maji ya magoti, tunafunga mbegu kwenye kamba, tunaondoa uchafu, tunavuna. Redio hatuna, na hata ukiwa na simu umeifunga kwenye nailoni umeiacha nyumbani. Maji yakiwa mafu hatushuki, tunakaa kivulini tunafunga taitai, vile vikamba vya kushikia mbegu, na hapo ukituletea kipindi tutakisikiliza chote. Mwani wa biashara uko kwetu tangu 1989, na wanaoulima wengi ni wanawake. Miaka yote hiyo sijakutana na mtu wa kupanga vipindi aliyetuuliza leo maji vipi.

Kwa hiyo ombi langu: kipindi cha kina mama kirejewe. Kipigwe asubuhi, kisha kirejewe alasiri tukiwa tumepanda. Tarehe aliyoitaja Maalim ni mwezi tano au sita, maji yanaelekea kufa, basi bahati yenu, mtatukuta nyumbani. Lakini mkitaka jambo hili liendelee baada ya siku hiyo moja, ratiba lazima ijue mwezi.

Na tafadhali msituletee tena kipindi cha kutufundisha kuosha mikono. Tunataka kusikia bei. Kwa nini mwani wa spinosum bei yake ya chini vile, nani anaipanga, unakwenda nchi gani kufanywa nini. Kwa nini cottonii, wenye bei nzuri, unatufia maji yakipata moto. Mtaalamu aje aseme hayo, na mimi nikae pembeni yake nimuulize.

#5 fundi_simu_Darajani

Wazee wangu heshima zenu, ila niseme ukweli. Nakaa dukani kutwa, kila aina ya mtu anapita. Vijana redio hawasikilizi. Wanasikiliza vipande vya dakika mbili wanavyotumiana.

Halafu kuna hesabu. Kipindi cha muziki cha saa tatu ni kijana mmoja na kompyuta. Kipindi cha maneno cha nusu saa, hicho cha Kisiwa Panza, ni watu wawili, nauli ya boti, malazi, siku kadhaa za kurikodi na kukata. Sasa zidisha kwa siku nzima mpaka usiku wa manane. Pesa anatoa nani? Mtaishia kumuweka mtu mmoja anazungumza peke yake saa sita mfululizo, na hayo si maneno, ni kelele. Redio moja ya FM nilikuwa naisikiliza dukani ilijaribu asubuhi ya mazungumzo, ikawa watangazaji wawili wanachekeana wenyewe kwa wenyewe. Nikazima.

Sipingi. Nataka mjue mnaomba kitu cha gharama.

#6 Mzee_wa_Rahaleo

Wanangu, nimeifanya kazi hii ya redio muda mrefu, sasa nimestaafu. Nimechelewa kuuona uzi huu lakini nimefurahi.

Kijana wa Darajani kasema kweli kuhusu gharama, ila siku nzima ya maneno haitengenezwi yote kwa namna moja. Ukipanga vizuri, vipindi vya safari na kurikodi nje unahitaji vinne au vitano tu, na hivyo unavianza miezi sita kabla. Vyengine ni mazungumzo ya studio, simu za wasikilizaji, usomaji, na kazi za zamani zilizohifadhiwa. Mchanganyiko ndio unaompumzisha msikilizaji. Sauti moja ikikaa muda mrefu, mtu hasikii tena hata kama linasemwa jambo la maana.

Acha niwaeleze mambo mawili ambayo mtu wa nje hayaoni.

La kwanza, kuandika kwa ajili ya sikio. Msomaji wa gazeti akipotea anarudi juu. Msikilizaji harudi. Basi sentensi moja ibebe jambo moja. Jina la mtu litanguliwe na kazi yake, ili likifika sikio liwe limeshajiandaa. Nambari usirundike mbili katika pumzi moja. Ukitaja Wizara mara ya pili, itaje tena kwa jina, usiseme "hiyo". Sisi tulikuwa tukisoma mbele ya mwenzetu kabla ya kuingia hewani, naye karatasi hana. Akiuliza "nani?", ukurasa unaandikwa upya.

La pili, kurikodi nje. Enzi zetu ni utepe, tukiukata kwa wembe na kuuunga. Leo ni kompyuta, lakini kanuni haikubadilika: ukimaliza kuzungumza na mtu, usiondoke. Waambie wote wanyamaze, uache kinasa kichukue mahali penyewe dakika nzima, upepo, kuku, pampu ya maji, chochote kilichopo. Ukija kukata maneno utahitaji kile kimya cha pale pale kuziba mwanya, ama sivyo msikilizaji atasikia pengo, hatajua ni nini lakini hataamini tena. Na upepo wa pwani ni adui. Tulikuwa tunafunika kipaza sauti kwa kipande cha kanga.

Sasa vifo. KusiniUnguja umevitaja kwa neno moja ukapita, nami naona ndiyo kazi nzito kuliko zote. Tangazo la kifo halisomwi kama habari. Jina husomwa, kisha linarejewa. Kisha nasaba, kwa sababu watu wengi marehemu hawamjui kwa jina lake, wanamjua kwa ndugu yake: ni mama wa fulani wa Donge, ni shangazi wa fulani wa bandarini, ni mke wa marehemu fulani wa Wete. Kisha maiti anaondoka wapi, saa ngapi, anasaliwa msikiti gani, anazikwa wapi. "Maiti ataondoka nyumbani Mwembeladu saa 7 mchana kwenda Mwanakwerekwe. Habari ziwafikie jamaa wote wa Mkwajuni, Gamba na Chake Chake, popote walipo." Kuna mtu shamba anaisikia hiyo saa 5, anaacha jembe, anatafuta gari. Ukilikosea jina la kijiji, mtu anakosa kumzika mama yake. Nilikuwa nikiwaambia vijana hayo kila walipoingia studio mara ya kwanza.

Siku hiyo ya tarehe 13 nataka kipindi kimoja kuhusu vifo vyenyewe. Nani anayaleta matangazo, yanaandikwaje, msomaji anajisikiaje akikuta jina la mtu wake kwenye karatasi.

#7 Mpemba_wa_Konde

Mzee wangu shikamoo. Umenikumbusha mambo.

Mimi nina dukuduku moja na uzi mzima. Ratiba ya mleta mada Pemba imewekwa kama mahali pa kwenda kurikodi. Mtu anatumwa Kisiwa Panza, anarudi mjini. Kwa nini? Chake pawe na watu wao, watengeneze vipindi vyao, na Unguja isikilize. Saa sita kamili zitoke Pemba, kuanzia utangulizi mpaka kufunga, na ziwe saa za watu wengi, wasitupe saa 9 za usiku.

Mambo ya kuzungumza yako tele. Karafuu peke yake inajaza siku. Mnaijua ikiwa chupani au kwenye pilau. Msimu ukiwa mzuri huku usiku hakuna kulala: mafungu yako ukumbini, watu wamezunguka, wanachambua karafuu kwenye makonyo, vidole vimekuwa vyeusi na vinanata, watoto wamesinzia juu ya magunia. Hiyo kazi haitaki macho sana, inataka maneno. Redio ikiwa na kitu cha maana inazungumzwa mpaka kesho yake, ikiwa na nyimbo tu watu wanarudi kwenye kusengenya. Hapo ndipo msikilizaji wenu alipo.

Waulizwe wachumaji wanalipwa vipi kwa pishi. Waulizwe wanaopanda mikarafuu ile mirefu, tawi likikatika nani anamtibu na familia inakula nini. Aulizwe mtu wa Shirika la Biashara, ZSTC, bei wanaifikia vipi. Wote wakae meza moja, Konde, si studio za mjini Rahaleo.

Na watu waachwe wazungumze kama wanavyozungumza. Mzee wa Micheweni akisema Kipemba chake asikatwe wala asifasiriwe, wenye masikio watamuelewa. Makunduchi hivyo hivyo, na Tumbatu.

#8 Mtumbatu_Jongowe

Naunga mkono aya ya mwisho kwa mikono miwili.

#9 Mzenji_Leicester

Niko Uingereza miaka mingi, na huku nimeishi na redio ya aina hii hii mnayoiota. BBC wana idhaa ya maneno, Radio 4, ilipewa jina hilo tarehe 30 Septemba 1967, kabla yake ikiitwa Home Service. Muziki ni nadra. Siku inaanza na bahari, kama alivyotaka KusiniUnguja: taarifa ya meli, maeneo yakitajwa kwa mpangilio usiobadilika, na watu wasio na hata mtumbwi wanaisikiliza. Kipindi cha wanawake kipo tangu 1946. Mchezo wa redio wa maisha ya kijijini, The Archers, unasikika nchi nzima tangu tarehe 1 Januari 1951, mwaka ule ule wa Sauti ya Unguja. Ulianzishwa kuwasaidia wakulima waongeze mavuno, maana vita vimekwisha lakini chakula bado ni cha mgao. Wakulima walipewa wahusika wa kuwapenda na kugombana nao, na elimu ikapita humo humo.

Sisemi tuwaige. Nililojifunza ni moja: kipindi kikae saa yake, kila siku, mpaka watu wapange maisha yao kwacho. Mtu anawasha kwa ajili ya bahari, anasahau kuzima, anajikuta anasikiliza habari za nyuki. Simu haimfanyii hivyo, kwa sababu simu inampa alichokitafuta. Kwa hiyo siku moja ya tarehe 13 ni mwanzo mzuri, lakini ombeni pia vipindi vitatu tu vibaki mwaka mzima, saa ile ile.

Na walio nje msitusahau. Wapenzi wa masafa mafupi huku wanaijua kilohezi 11735, ya mtambo wa redio yetu ulioko Dole, kuliko wanavyoijua Forodhani. Nimeshakaa usiku wa baridi nikaikamata, inakuja na kwenda, na nikasikia Kiswahili cha nyumbani. Siku hiyo tafadhalini iwe hewani.

#10 Dada_wa_Ngambo

Jamani mchezo wa redio mmeupitia juu juu, na ndio ninaoutaka mimi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza Twende na Wakati. Mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori? Nchi nzima ilikuwa inamsema kama jirani yao. Tena ule mchezo ulipimwa kitaalamu: Dodoma hawakurushiwa mpaka 1995, ili watafiti walinganishe na mikoa mengine. Kulikosikika, watu waliongezeka kutumia uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Kama maneno ya redio yaliweza hivyo, basi mchezo mmoja wa Kizanzibari wa saa nzima, wenye nyumba ya Ng'ambo, wapangaji, deni la duka na kijana aliyerudi na dawa za kulevya, unaweza kufungua midomo ambayo semina haijaifungua. Watu wa kuigiza tunao. Tunataka mwandishi alipwe.

Halafu swali: kasida ni wimbo? Maana Ramadhani bila kasida nyumbani kwetu hapatakalika.

#11 Maalim_Mkwajuni

Kasida ina mahadhi na dufu, kwa siku hiyo moja isubiri. Utenzi ukighaniwa ruhusa, yale ni maneno yenye sauti.

#12 Mkaazi_Mkunazini

Fundi wa Darajani, mwanangu, wewe huenda ulikuwa mdogo. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, waya wa chini ya bahari umeharibika huko Fumba, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mwanzoni watu walichaji simu kwenye majenereta kwa pesa, baadaye hata pesa za kuchaji zikapungua. Kilichobaki barazani ni redio ndogo ya mawe, yaani ya betri. Tulikuwa tunaikalia duara, mmoja ananunua mawe wiki hii, mwengine wiki ijayo. Tukisubiri kusikia fundi kafika au hajafika, kipuri kiko wapi, maji yatatolewa mtaa gani. Tukiambiwa bado, tunajua ni bado, tunakwenda kutafuta ndoo.

Wimbo sikumbuki hata mmoja wa miezi ile. Mnapopanga siku hii wekeni kipindi cha kuwafundisha watu jambo hilo: redio ya mawe iwe katika kila nyumba, na mawimbi gani ya kutafuta likitokea la kutokea.

#13 fundi_simu_Darajani

Sheikh nimekusoma. Niongeze la kazi yangu basi. Simu ndogo za vitufe nyingi zina redio ndani, haitaki bando, unachomeka waya wa masikioni tu unakuwa ndio antena. Wanawake wa mashamba wanaziulizia sana. Kwa hiyo msikilizaji yupo, ila vipindi lazima vimfuate baada ya kupigwa. Kila kipindi cha siku hiyo kikatwe vipande, kiwe faili dogo, kisizidi megabaiti tano, kigawiwe WhatsApp na kwa Bluetooth. BintiJambiani akirudi kutoka pwani anakikuta. Kukata na kubana mafaili nitafanya mimi bure, dukani kwangu, mkinipa idhini ya redio kwa maandishi.

#14 KusiniUnguja

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Rasimu inabadilika hivi.

Bahari inabaki alfajiri, na inarejewa alasiri kabla wavuvi wa usiku hawajatoka. Vifo vinapata kipindi chake, na nitamuomba Mzee wa Rahaleo akiongoze mwenyewe. Kina mama kinahamia saa 10 alasiri kwa sababu ya Ramadhani, na kinaanza na bei ya mwani, BintiJambiani akiwa ndiye muulizaji. Watoto saa 3 asubuhi, saa nzima, Maalim asimamie pa kunyamaza. Kuanzia magharibi mpaka saa 6 usiku ni Pemba, kutoka Pemba, meza ya karafuu ikiwa Konde. Hizo hazitimii saa sita, Mpemba wa Konde utanisamehe, nimekupa saa ambazo kila nyumba imewasha. Mchezo wa Dada wa Ng'ambo utakuwa humo humo baada ya tarawehe, uigizwe na watu wa visiwa vyote viwili. Hadithi ni saa 8 usiku kwa ajili ya daku, kwa hiyo ile "usiku wa manane" yangu imevuka mpaka alfajiri nyengine.

La Mzenji wa Leicester nimelitia kwenye barua kama ombi la pili: bahari, vifo na hadithi vibaki mwaka mzima, saa ile ile.

Sitaki tupeleke karatasi tupu. Kipindi kimoja tukitengeneze wenyewe kama mfano, dakika 20, tukiambatanishe. Nimechagua mwani, ndio ulio karibu na mimi. Kinasa nimeazima. BintiJambiani, wenzio watakubali kurikodiwa wakiwa kazini, na nije lini?

#15 BintiJambiani

Watakubali, nimeshawauliza wawili na mmoja ana maneno ya kutosha kipindi kizima. Njoo mwezi ukiwa kumi na tano, bamvua, saa 2 na nusu uwe ufukweni, tukishashuka hatukusubiri. Vaa raba, chini kuna miba. Na hicho kinasa kitie ndani ya nailoni mbili, ukitaka kile kimya cha Mzee utakipata maji yakianza kurudi, wakati huo hatuzungumzi, tunabeba.

#16 Mzee_wa_Rahaleo

Kanga nitampa mimi. Mwanangu, pitia kwangu siku moja kabla nikuoneshe namna ya kuifunga.